Mwalimu Si Mshumaa

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili la Chama nipate kumjibu ndugu yetu mmoja, ambaye katika toleo lililopita aliandika maneno mengi juu ya uzima wa walimu. Simtaji jina, maana ugomvi wangu ni na maneno yake, wala si na yeye mwenyewe. Naye ni mtu wa heshima, mwenye miaka mingi katika utumishi kuliko mimi. Walakini heshima haimfungi mtu kinywa pale anapoona kwamba neno lililosemwa litawadhuru watu.

Ndugu yetu alisema hivi kwa kifupi: walimu wa siku hizi wanaugua mno, wanachoka upesi, wanalalamika, na wengine wanakunywa; na asili ya yote hayo ni moyo dhaifu. Dawa aliyoitoa ni kuamka alfajiri, kutembea kwa miguu, kuacha pombe, kulala mapema, na kumshukuru Mungu kwa kuwa na kazi. Akamaliza kwa kutukumbusha ya kuwa ualimu ni wito, na ya kuwa mwalimu ni mshumaa, hujiunguza mwenyewe ili wengine wapate nuru.

Nianze na huo mshumaa. Nimeusikia tangu utoto wangu, na katika mahafali ya shule haukosi kutajwa na mgeni rasmi. Lakini ni nani kati yetu sisi makarani aliyepata kuambiwa kwamba yeye ni mshumaa? Mhasibu haambiwi hivyo, wala dereva, wala hakimu. Tena mtu akikusifu kwa kuungua, yakini hana nia ya kuuzima moto. Mshumaa ukiisha hununuliwa mwingine dukani, wala hakuna aulizaye ule wa kwanza uliacha watoto wangapi. Na neno “wito” ni ndugu yake mshumaa. Sijapata kulisikia siku mwalimu anapokatwa fedha katika mshahara wake. Nalisikia siku anapodai iliyo haki yake.

Haya, tusiseme kwamba ndugu yetu amekosa katika yote. Mazoea mema ni mema. Ningependa kila mwalimu anywe maji ya kutosha, atembee, alale, apunguze chumvi, na apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, maana ugonjwa huo hauumi mwanzoni, na wengi huujua siku wanapoanguka. Wala sina neno la kuitetea pombe. Ninalolikana ni kumpa mtu shauri la uzima huku umeikalia dawa yake.

Natuangalie ugonjwa ulio wa mwalimu hasa, nao ni koo. Sauti ya mwanadamu hutoka katika nyuzi mbili ndogo zilizomo kooni, na mtu asemapo kwa utulivu nyuzi hizo hutikisika mara mia moja na zaidi katika sekunde moja kwa mwanamume, na karibu mara mia mbili kwa mwanamke. Ndiyo sababu moja walimu wanawake hupotewa na sauti mara nyingi kuliko wanaume. Mtu akipaza sauti siku nzima, mwaka hata mwaka, nyuzi huvimba, zikaota vinundu, na sauti ikawa ya mikwaruzo, kisha ikakatika. Vumbi la chaki hukausha koo na kuongeza udhia. Waganga watamwambia mwalimu anywe maji, apumzishe sauti, asipige kelele. Shauri zuri kabisa! Basi na aende akalitimize katika darasa lenye watoto tisini, chini ya mabati yasiyo na dari, siku ya mvua. Watoto wa nyuma hawamsikii hata akipiga kelele, sembuse akinong’ona.

Kiwango kilichojulikana kwetu kwa miaka mingi ni watoto 45 kwa darasa la shule ya msingi. Sote tunajua shule ambazo kiwango hicho ni hadithi. Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Watoto tisini wana madaftari tisini. Mwalimu akilipa kila daftari dakika mbili tu, asome, asahihishe, aandike neno la kumtia mtoto moyo, ni dakika 180, yaani saa tatu. Hilo ni zoezi moja la darasa moja. Kama ana madarasa matatu ya namna hiyo, ni saa tisa, na hajatayarisha somo la kesho, hajapika, hajaenda kisimani. Ndugu yetu na atuambie: katika siku hiyo mwalimu atembee saa ngapi kwa ajili ya afya yake, na alale saa ngapi? Au asahihishe daftari moja katika kila matatu, kisha mkaguzi aje amwandike kuwa ni mvivu?

Hali hii haikutokana na moyo wa mwalimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kufika mwaka 1977 watoto wote wapate shule ya msingi, na lilikuwa jambo tukufu. Walimu wakatafutwa kwa haraka, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi. Waliibeba nchi mabegani, na shukrani waliyoipata ni kudhihakiwa kwa jina la “walimu wa UPE” mpaka wakastaafu. Ada ya shule za msingi ikaondolewa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu ikawa bila ada mpaka kidato cha nne. Kila mara watoto walifurika, nasi tukafurahi. Lakini watoto huweza kuja kwa siku moja, na mwalimu huchukua miaka kufundishwa na kuajiriwa, na nyumba yake huchukua miaka zaidi kama itajengwa.

Juu ya nyumba sina budi kukaa kidogo. Tarehe 5 Oktoba 1966, katika mkutano wa mataifa uliofanyika mjini Paris, yalikubaliwa Mapendekezo juu ya Hali ya Walimu, na ndiyo sababu tarehe hiyo imefanywa kuwa Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994. Siku hiyo watu huvaa fulana na kuandamana, lakini ni wachache walioyasoma maneno yenyewe. Yamo humo kwamba mwalimu apimwe afya yake kwa vipindi, bila kulipa. Na kwamba walimu wanaopelekwa mbali na miji wapewe nyumba zinazofaa, bure ikiwezekana, au kwa kodi iliyopunguzwa. Basi linganisheni na vijiji mnavyovijua. Ndugu yetu alilalamika kwamba mwalimu mmoja huonekana kilabuni kila jioni. Mimi namjua mwalimu aliyepanga chumba nyuma ya kilabu, maana kijiji kizima hakikuwa na chumba kingine cha kupangisha. Alikuwa hanywi. Alisahihisha madaftari kwa taa ya mkononi huku ngoma zikilia ukutani, na mkutano wa wazazi ukamshitaki kwa kukaa mahali pabaya!

Kadhalika matibabu. Sheria ya mwaka 1999 iliweka Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 hutoa shilingi 15,000 kila mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka, awe anaugua au ni mzima. Jambo jema, wala siliteti. Lakini sisi tukaao makao makuu ya wilaya hospitali tunaiona dirishani. Mwalimu wa mbali hukatwa fedha ile ile, na akitaka kuonana na daktari hutoa nauli ya pikipiki, kisha ya basi, kisha ya kulala, na siku mbili za darasa lake huenda bure. Kadi ni moja, lakini thamani yake si moja.

Nimefika kwenye madeni, na hapa simtetei mwalimu kwa kila jambo. Wapo walimu, kama walivyopo makarani, wanaokopa kwa arusi na kulipa kwa matanga, kama wazee walivyonena. Lakini tazameni jinsi wengi wao wanavyoingia mtegoni. Mwalimu anapata barua ya uhamisho. Kanuni za utumishi zinampa haki ya kulipwa gharama za safari, mizigo, na kujikimu. Fedha hazijafika, barua inasema aripoti upesi. Ana mke, watoto, na vitanda viwili. Anakwenda kwa mkopeshaji, wale ambao watu wamewaita “kausha damu”, na jina limewakaa. Anamwachia kadi ya benki na nambari yake ya siri. Iko kanuni inayomlinda mtumishi, kwamba makato yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara; walakini kanuni hiyo hulinda kwenye karatasi ya mshahara tu, na mkopeshaji mwenye kadi mkononi hasomi karatasi. Siku ya mshahara hufika kwenye mashine ya benki kabla ya mwenyewe. Miezi inapita, yale malipo ya uhamisho bado yamo katika orodha ya madai. Ndipo mwalimu hakosi kukosa usingizi, akaanza kuwapigia watoto kelele, akaanza na kinywaji, na ndugu yetu akaandika katika gazeti kwamba ana moyo dhaifu.

Na sasa, Bwana Mtengenezaji, naliendea neno ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mishahara hatuipangi sisi. Shule hatuzijengi sisi. Walimu wana chama chao tangu mwaka 1993. Waligoma mwaka 2012 na Mahakama ikawaamuru warudi kazini. Mambo hayo yana wenyewe wa kuyasema. Lakini orodha ile ya madai ilipita mezani kwa nani? Barua ya mwalimu mgonjwa hutoka kwa Mwalimu Mkuu, ikaenda kwa Afisa Elimu wa Kata, ikafika kwa Afisa Elimu wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi. Na mambo ya vyeo vyake na nidhamu yana ofisi nyingine, ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Katika kila mlango amekaa karani. Wakubwa hutia sahihi lile lililowekwa mbele yao. Ni nani aliwekaye?

Naungama kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa masjala katika ofisi moja ya wilaya. Alikuja mwalimu mmoja, mtu mzima, ametoka shule iliyo safari ya siku nzima. Aliomba ahamishiwe karibu na hospitali ya rufaa, na alikuwa na cheti cha daktari kinachosema apewe kazi isiyo ya kusema sana kwa muda. Sauti yake ilikuwa imekwisha, hasikiki isipokuwa umsogelee. Mwenzetu mmoja kaunta akamwambia, “Mwalimu, paza sauti! Darasani unafundishaje?” Tukacheka, na mimi nilicheka. Nikatazama kabatini, jalada lake sikuliona. Nikamwambia arudi juma lijalo.

Alirudi. Nikatazama tena pale pale nilipotazama kwanza, nikamwambia jalada liko kwa mkubwa, nami sikuwa na hakika. Mara ya tatu alikuja na karatasi, ameandika maneno yake kwa mwandiko mzuri sana wa ubaoni, ili asisumbuke kusema wala sisi tusisumbuke kusikia. Mara ya nne alikaa katika benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, akaondoka bila kuaga. Miezi mingi baadaye tulihamisha makabati kwa ajili ya kupaka rangi, ndipo nikaliona jalada lake, nimeliweka kwa mkono wangu mwenyewe katika safu ya mwalimu mwingine, kwa sababu nambari ya mwisho niliiandika 7 badala ya 1. Cheti cha daktari kilikuwamo ndani, hakijasomwa na mtu. Nilipeleka barua siku ile ile. Jibu lilitoka kwa Mwalimu Mkuu wake, kwamba mtu huyo amekwisha kuacha kazi, na wapi amekwenda hawajui.

Ndugu yetu na aniambie, ni kutembea alfajiri kupi kungemponya yule? Alikuwa na moyo. Mtu asiye na moyo haji mara nne.

Najua majibu mtakayonipa. Mtasema makarani ni wachache na majalada ni mengi. Ni kweli, na hilo tulidai kwa jina la Chama, lakini uchache haukutufanya tumcheke mgonjwa. Mtasema siku hizi maombi mengi hupelekwa kwa kompyuta, masjala imepitwa. Ni kweli pia, na ni jambo la kushukuru. Ila mashine haiamui neno lolote, hungoja mtu akubali au akatae, na mtu huyo akinywa chai kwa siku kumi, ombi hukaa humo siku kumi likiwa safi bila vumbi. Tena yupo mwalimu apandaye kilima kila jioni kuutafuta mtandao ili aone kama amejibiwa. Na wako wengine, nasema kwa aibu, wasiojibu mpaka wakumbushwe kwamba mkono mtupu haulambwi. Hao wanamla mwalimu nyama iliyobaki.

Tusisahau nasi asili yetu. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza, Martin Kayamba, alikuwa ameshika chaki kabla ya kushika kalamu ya ofisi. Walimu na makarani walikaa katika mkutano mmoja, wakasoma magazeti mamoja, maana walijuana kuwa ni watu wa shule moja. Nyerere naye alikuwa mwalimu Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Leo mwalimu akifika kaunta yetu hutuamkia sisi kwanza, hata tukiwa tumri wa watoto aliowafundisha, nasi tunaitikia bila kuinua macho.

Basi naomba Chama kiyatie mambo haya katika shauri la mkutano mkuu ujao. Kwamba barua ya mwalimu ijibiwe kuwa imepokewa siku ile ile iliyofika, na neno la hakika apewe ndani ya juma moja, hata kama neno lenyewe ni “bado”. Kwamba mwalimu aliyetoka mbali ahudumiwe kabla yetu sisi wa mjini, apate kuiwahi gari ya jioni. Kwamba jalada lenye cheti cha daktari lifungwe utepe mwekundu, na lisilale chini ya jingine lolote. Kwamba tusimwite mwalimu ofisini siku ya masomo kwa jambo linaloweza kusemwa kwa simu. Na kwamba orodha ya malipo ya uhamisho isomwe hadharani katika kikao chetu kila baada ya miezi mitatu, ionekane ni ya nani imekaa, na imekaa mezani kwa nani. Hayo hayahitaji fungu la fedha wala idhini ya waziri.

Ndugu yetu akitaka kuongeza humo habari za kutembea na kunywa maji, nitamwunga mkono kwa furaha. Hata tuanze sisi wenyewe, maana tumekaa vitini mpaka tumeota vitambi. Namwomba tu aje mkutanoni, nami nitakuja na ile karatasi ya mwandiko wa ubaoni. Ninayo mpaka leo.

Mimi ni wenu katika utumishi,

Karani wa Masjala